Tofali Mbili za Mama Skolastika: Safari Yangu ya Kwaresima hadi Kanisa la Malolo

Walimu wenzangu, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi, kila nikiingia ofisini mtu ananiuliza kwa nini bega langu la kulia limechubuka, kwa nini viatu vyangu vyeusi vimekuwa vyekundu, na kwa nini nacheka peke yangu nikisahihisha madaftari. Nimeanza kueleza mara nne, na mara nne kengele imelia kabla sijafika hata Dodoma. Basi nimekaa chini nimeandika. Someni, mpeane, na atakayemwagia chai karatasi hizi atazinakili upya kwa mkono wake.

Chanzo cha safari mnakijua nusu. Mzee Leonsi, baba yake Veronika mchumba wangu, ni katekista wa miaka mingi, na kwangu alikuwa ameridhika na kila kitu, hata mshahara wa ualimu. Alitaka jambo moja tu, nithibitishe kwamba nimebatizwa. Kitabu cha ubatizo cha kule nilikozaliwa kiliishia tumboni mwa mchwa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki nikiwa darasa la pili. Baba yangu, Mzee Mihayo, siku zile hakuwa Mkristo, tena alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa. Anachokumbuka ni kwamba alirudi siku moja akakuta mtoto anaitwa Bonifasi na hakuna aliyemwomba ruhusa. Alikumbuka pia jina la mwanamke aliyenishika siku hiyo: Skolastika, wa Malolo, wa kanisa la kilimani.

Nikimpata Skolastika huyo akanisemea mbele ya padre, harusi itafungwa wiki baada ya Pasaka. Nisipompata, nikae benchi moja na watoto wa mafundisho mpaka Pasaka ya mwaka ujao. Na Mzee Leonsi alishanidokeza, bila hata kuulizwa, kwamba kuna bwana shamba mmoja siku hizi anasali kanisani kwao kila Jumapili, kijana mpole, amebatizwa, na cheti chake hakina hata alama ya kidole. Jamani, ningelala nyumbani?

Tabora hadi Kilosa

Nilipanda treni Jumatatu na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kopo la asali ya kwetu na nadhiri ya Kwaresima kwamba sitaonja nyama mpaka Pasaka. Nadhiri hiyo niliiweka Tabora, mahali ambapo hakuna mtu anayekujia dirishani na kuku wa kukaanga. Kila stesheni kuku walipita puani mwangu. Manyoni nilifumba macho. Dodoma nilifumba macho na pua, na abiria wa mbele yangu akaniuliza kama nimeanza kuugua.

Hapo Dodoma ndipo alipopanda mzee mmoja wa Msowero, kanzu safi, mwavuli kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza natoka wapi na ni mtu wa kabila gani. Niliposema Mnyamwezi, uso wake ukabadilika kabisa. Akanisukuma kwa mwavuli akakaa kwenye kiti changu cha dirishani, akachukua mfuko wangu wa matobolwa, akaanza kutafuna. Yeye ni Msagara, akalitangazia behewa zima, na mimi ni mtani wake. Babu yake alimpa babu yangu mzigo aupeleke pwani, mzigo haujafika mpaka leo, na mimi ndiye dhamana.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Utani naujua, nani Tabora asiyeujua, ila nilikuwa naujua wa nyumbani. Babu zetu walipita nchi ya Wasagara na mizigo miaka na miaka, wakapigana nao, wakala kwao, wakaishia kutaniana, na kumbe kule kwao utani huo bado una moto. Treni iliposimama Gulwe kwa sababu maji yalikuwa yamepanda juu ya reli, tukakaa hapo saa saba nzima. Yule mzee akafungua kopo langu la asali akawagawia abiria kidogo kidogo kwenye viganja, akiwaambia kwamba anapunguza deni la babu yangu. Mama mmoja alikoroga uji kando ya reli, asali yangu ikatiwa humo, na watu waliokuwa wakilalamika tangu asubuhi wakaanza kuimba. Mimi mwenyewe nilipanga foleni kupata asali yangu.

Tulipoagana Kilosa Jumatano asubuhi, mzee akanirudishia kopo tupu akaniambia nimsalimie babu. Nilishuka nina furaha ya ajabu, nimeiva kwa utani, nikiona kila mtu ni mtani wangu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Kilosa

Treni ya kwenda Mikumi huanzia Kilosa, na haiendi kila siku. Nilimkuta mwanamume mmoja mwenye kofia ya reli akifagia jukwaa, nikamwuliza treni hiyo inaondoka saa ngapi. Akaniangalia, akaniuliza kama mimi ni Mnyamwezi, maana amesikia lafudhi. Nikasema ndiyo. Akasema treni imeondoka sasa hivi, na nikigeuka haraka nitaona behewa la mwisho.

Sikugeuka. Nilicheka kicheko kikubwa, nikampiga bega, nikamwambia Wasagara wameshanila matobolwa na asali lakini treni hawanili. Nikamwagizia chai. Nikaagiza na maandazi mawili. Akajaribu tena kunieleza, kwa upole kabisa, na mimi nikazidi kucheka nikimwonyesha kidole kama mtu aliyemkamata mwizi. Akakubali chai, akainywa kimya, akaniangalia kwa huruma. Nilikaa kwenye benchi lile mpaka jua likawa utosini, na jukwaa likabaki na mimi na mbuzi mmoja.

Nilipomfuata tena, aliniambia kwamba yeye ni Mbena, hana utani na mimi, na treni nyingine ni Jumamosi.

Wenzangu, mnanijua sipendi kuonekana mjinga. Nilijiapiza pale pale kwamba kuanzia dakika ile, chochote nitakachoambiwa katika nchi hii nitakichukua kama kilivyo, bila kutafuta mzaha ndani yake. Kiapo hicho kilikuja kunitoa machozi.

Kilosa hadi Mikumi

Yule Mbena, alivyo muungwana, alinitafutia nafasi kwenye lori lililobeba magunia ya mahindi kwenda Mikumi. Dereva alikuwa mtu wa Rufiji, mnene, mcheshi, mwenye kuongea na gari lake kuliko na abiria. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Tulikwenda vizuri kama nusu saa, kisha tukaanza kuteleza, kisha tukaanza kusukuma, na jioni ilipokaribia magurudumu yalizama mahali panapoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Kipo kijiji kinachoitwa hivyo, na sasa ni mwalimu gani wa shule yetu amefika Ulaya isipokuwa mimi?

Mkulima mmoja aliyekuwa akirudi kutoka shambani na mkewe alitukaribisha kwake. Walikuwa Waanglikana wa siku nyingi, watu wa sala kabla ya kila jambo, na walifurahi mno kupata mwalimu. Mara nikaona jogoo anakimbizwa. Nilitaka kusema kitu, lakini mgeni aliyefika dakika kumi zilizopita anamwambiaje mwenyeji asichinje? Kama ilivyo kawaida, dereva, kwa kuwa ni Mwislamu, ndiye aliyepewa kisu, ili chakula kiweze kuliwa na watu wote.

Ugali ukaja, na mlenda, na jogoo katika mchuzi wenye harufu ambayo bado naikumbuka. Nikakusanya moyo nikasema nimefunga nyama kwa Kwaresima na ninaomba radhi. Mwenyeji akaweka tonge chini. Akasema hata wao wamefunga nyama kwa Kwaresima, yeye na mkewe na mama yake mzazi, lakini wamechinja kwa sababu walidhani mwalimu kutoka mbali atajisikia vibaya akipewa mlenda mtupu. Tukabaki Wakristo wanne tunaangalia bakuli. Kisha wote kwa pamoja tukamwangalia dereva.

Dereva akala jogoo mzima. Hakuharakisha. Alisifia paja, akasifia kidari, akamwuliza mama mwenye nyumba kama ametia bizari au ni ubora wa jogoo mwenyewe. Kila aliposifia, yule bibi kizee wa Kianglikana alimeza mate kwa sauti, na mimi nikacheka ndani kwa ndani mpaka mlenda ukanipalia. Nawaambieni, sijawahi kufunga kwa furaha kama jioni ile.

Alhamisi kijiji kilitutoa topeni, tukafika Mikumi alasiri. Tulichelewa mwisho mwisho kwa sababu tembo watatu walikuwa wamesimama barabarani, wakijikuna kwenye nguzo ya simu. Dereva alizima injini, akawaomba kwa adabu, akiwaita waheshimiwa. Waheshimiwa walijikuna mpaka wakatosheka. Nililala Mikumi, na Ijumaa alfajiri nikapata basi la Iringa.

Malolo

Utingo alinishusha njia panda kabla basi halijaanza kuparamia milima, nikatembea kama saa moja kando ya mashamba ya vitunguu. Malolo niliyoikuta haikuwa ile aliyonieleza baba. Watu walikuwa wameteremka kutoka vilimani wakati wa operesheni ya vijiji, na sasa nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mstari, udongo wake bado mbichi, na bango la chama mbele ya ofisi. Juu kabisa, mlimani, peke yake, hakuna hata nyumba moja iliyobaki jirani, nikaliona kanisa. Lilikuwa jekundu. Nakiri, nilianza kukimbia bila sababu.

Kando ya mto kulikuwa na tanuri la tofali na akina mama kama kumi na wawili wakichagua tofali na kuzipangusa majivu. Nikawaamkia wote kwa pamoja, wakaitika. Wakaniuliza natoka wapi, nikasema Tabora, na nikaona macho yanakutana. Nikawaeleza kwa kifupi: mimi ni Bonifasi, nilizaliwa hapa, namtafuta Mama Skolastika aliyenishika kwenye ubatizo, ana neno la kunisemea kwa padre, na bila neno hilo sina harusi.

Kulikuwa na mama mmoja mfupi, mwenye sauti nene, mikono imejaa udongo mpaka viwiko. Aliniangalia kwa muda mrefu sana, kuanzia kichwani, kisha akainama kunawa.

"Skolastika tumemzika Jumanne," akasema akiwa bado ameinama. "Umechelewa, Mnyamwezi. Watani wenzako huwahi msibani, wewe unakuja watu tumeshaanua tanga."

Wengine wakainamisha vichwa. Mabega yao yakaanza kutikisika, na mmoja akajifunika khanga usoni. Ninyi mnaosoma mkiwa mmekaa vizuri na chai yenu mmeshajua mabega yale yalikuwa yanatikiswa na nini. Mimi nilikuwa na kiapo changu cha Kilosa. Tena nikajiambia, hata kama mtu ana utani wa namna gani, nani atafanya mzaha na maiti katika Kwaresima, siku ya Ijumaa?

Nililia. Sikulia kidogo. Nilikaa juu ya rundo la tofali nikalia kwa sauti mbele ya wanawake kumi na wawili, nikimlilia mtu nisiyewahi kumwona, na nikijililia mwenyewe, na nikimwona bwana shamba akiingia kanisani na cheti chake. Mabega ya akina mama yakazidi kutikisika. Yule mfupi ndiye peke yake aliyekuwa ametulia, akanielekeza adhabu yangu. Mtani aliyechelewa maziko hufanya kazi ya marehemu. Marehemu Skolastika alikuwa akipandisha tofali mbili kila Ijumaa ya Kwaresima, kwa hiyo leo nizipandishe mimi.

Nikafuta machozi nikainua tofali mbili. Sasa mmejua habari ya bega.

Kupanda kilimani

Desturi yenyewe niliipata njiani, kwa yule mama mfupi, ambaye alitembea ubavuni mwangu tangu mwanzo na hakuniachia nafasi ya kulia kwa amani. Kila Ijumaa ya Kwaresima watu wa Malolo hufanya Njia ya Msalaba kwa kupanda mlima, kila mmoja na tofali. Kuna misalaba kumi na minne ya mti kando ya njia. Mnafika kwenye msalaba, mnatua tofali, mnapiga magoti, mnasali, mnainua, mnaendelea. Padre, kijana aliyekuja kwa pikipiki kutoka upande wa Mikumi, alikuwa mbele kabisa na tofali yake begani, kanzu imepandishwa hadi magotini.

Kati ya kituo na kituo nikapewa historia ya kanisa. Mapadre wa kwanza walikuja kwa miguu kutoka pwani enzi za Mdachi, na punda mmoja aliyefia njiani, na wakajenga kanisa la miti na nyasi. Moto wa kichaka ukalila. Wakajenga la mawe na udongo, mvua ikalishusha. Ndipo padre mmoja mwenye ndevu na kichwa kigumu akawatangazia waumini kwamba Mungu hataki njaa yao tu. Afungaye na afunge, lakini kila Ijumaa alete na tofali moja mlimani kwa ajili ya dhambi zake.

Hapo yule mama akasimama, akatua tofali yake hata kabla ya kituo, ili acheke vizuri. Kumbe watu walielewa kwamba tofali ni kipimo. Mwenye dhambi kubwa alete tofali kubwa, mwenye dhambi ndogo alete ndogo. Ijumaa ya kwanza watu wote walifika kilimani na vitofali vidogo kama maandazi, kila mtu amejifyatulia mwenyewe nyumbani, kila mtu akichungulia cha jirani. Ni mzee mmoja tu aliyeleta tofali kubwa mno, ya kubebwa na watu wawili, na wanakijiji wakashindwa kulala kwa kuwaza amefanya nini. Padre hakumrudisha mtu. Alivijenga vyote, na safu za chini za ukuta ni za vitofali hivyo mpaka leo.

Nilicheka. Mnaweza kuamini? Nimefiwa, nimekosa harusi, nina tofali mbili begani, na nikacheka mpaka padre akageuka kule mbele. Kisha nikaona aibu, nikalia tena kidogo, na yule mama akaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa.

Akaendelea. Vita vya Mdachi na Mwingereza vilipokuja, mapadre walichukuliwa, na kwa miaka kadhaa Malolo hawakuona padre. Lakini Kwaresima haikungoja padre. Katekista alihesabu siku, watu wakapandisha tofali, mafundi wakajenga bila mchoro wowote. Padre mpya alipofika alikuta kanisa limepanda mara mbili ya urefu alioambiwa, ila wamesahau kuweka mlango wa sakristia, chumba cha padre cha kuvalia. Ulitobolewa baadaye. Na sasa, baada ya kuhamia chini, mwenyekiti wa kijiji, ambaye si Mkatoliki, alikuja kusema kwa heshima kwamba tofali zinahitajika shuleni. Wakapatana. Kila mtu siku hiyo hutoa tofali moja kwenye uwanja wa shule na moja huipandisha kanisani, kwa ukarabati na kwa ukuta wa makaburi.

Nikamwuliza kwa nini basi marehemu alikuwa akipandisha mbili na si moja. Mama yule akatua tofali yake. Kituo cha kumi na mbili kilikuwa kimefika, tukapiga magoti.

Kanisani

Kanisa lile ni zuri, walimu wenzangu. Safu za chini ni vile vitofali vya maandazi, nilivigusa kwa mkono. Juu yake ukuta unapanda kwa rangi mbalimbali, kila Kwaresima na udongo wake. Tulitua mizigo, tukamaliza sala, na mimi nikamfuata padre kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwambia Tumsifu Yesu Kristo, akaitika milele amina. Nikamweleza shida yangu yote, na kwamba shahidi wangu pekee amefariki.

"Skolastika yupi?" akauliza.

"Wa hapa Malolo, Baba. Amezikwa Jumanne."

"Jumanne nililala hapa, na sikuzika mtu." Akachungulia nyuma yangu. "Na Skolastika ndiye huyo uliyepanda naye."

Akina mama walikuwa wameshikilia kicheko tangu mtoni, na sasa kilipasuka. Mmoja alilala chini kabisa. Mwingine alimwigiza Mnyamwezi anavyolia juu ya rundo la tofali, na aliniigiza vizuri sana. Mimi nilirukaruka kama mwendawazimu, nikamshika padre mikono, nikapiga kelele kwamba nina harusi, nina harusi. Nilipogeuka nimkumbatie mama yangu wa ubatizo, nikamkuta amekaa chini ameegemea ukuta, khanga usoni, na hakuwa anacheka. Wenzake wakanyamaza mmoja mmoja.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Wenzangu wamefanya utani. Mimi niliposema nimekufa, nilitamani unisadiki, uondoke."

Kisha akatueleza, mimi na padre, na wenzake wakisikia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na wiki tatu. Mama yangu alikuwa amekuja na mimi mgongoni kufyatua tofali mtoni, degedege likanipata, macho yakageuka. Padre alikuwa milima ya mbali. Skolastika, msichana wa ishirini na moja, ndiye aliyekuwa amefundishwa na masista namna ya kumbatiza mtoto anayekufa. Akachota maji kwenye kibuyu, yale yale ya kukandia udongo, akanipa jina la mtakatifu wa siku hiyo, akaanza kumimina.

"Nikasema nakubatiza kwa jina la Baba. Nikasema na la Mwana. Hapo ulipiga ukelele, kibuyu kikaniponyoka, mama yako akakunyakua akacheza na wewe kwa furaha. Kila mtu akaniambia hongera. La Roho Mtakatifu sikumbuki kama nililisema. Padre aliporudi akaniuliza, umembatiza? Nikasema ndiyo, akakupaka mafuta tu. Miaka ishirini na tisa nalitafuta neno lile, mwanangu, na silipati. Siwezi kuja kuapa uongo mbele ya Mungu mara ya pili. Tofali moja ni ya dhambi zangu. Ya pili ni yako."

Furaha yote ilinitoka. Sikumkasirikia, nawaambia kweli. Nilimwangalia padre, naye alikuwa ameshika kidevu. Halafu nikaona anatabasamu, kidogo kidogo, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu.

Akasema Kanisa ni mama wa watu wanaosahau, na kwa ajili yao liliweka sala yenye neno "kama". Ikiwa hujabatizwa, sala inakubatiza. Ikiwa ulishabatizwa, Mungu anajua na hakuna kilichoharibika. Itachukua dakika mbili, na yeye mwenyewe ataandika barua kwa Mzee Leonsi kwa mkono wake. Akaongeza kwamba ni Kwaresima, kwa hiyo hakutakuwa na wimbo wala shangwe wala kigelegele ndani ya kanisa, na akina mama wamsikie vizuri.

Basi nikapiga magoti mbele ya altare, mwalimu mzima mwenye ndevu. Mama Skolastika, kwa alivyo mfupi, hata nilipopiga magoti ilimbidi anyooshe mkono kunishika kichwa. Mkono ulinuka udongo. Padre akachota maji ya kunywa ya mmoja wa waumini.

"Bonifasi, kama hujabatizwa, nakubatiza kwa jina la Baba," akamimina, "na la Mwana," akamimina.

Hapo akanyamaza. Mpaka leo sijui kama alikuwa anavuta pumzi au alifanya makusudi.

"Na la Roho Mtakatifu," akasema Mama Skolastika kwa sauti yake ile nene, akaanza kulia. Padre akalisema na yeye, kama inavyompasa, akamimina mara ya tatu, na maji yakanishuka mgongoni mpaka kwenye viatu.

Hakuna aliyepiga kelele. Kanisa zima lilikuwa limejaa wanawake walioziba midomo kwa mikono miwili, macho yamewatoka. Mama Skolastika akanifuta uso kwa khanga yake, akanitazama kana kwamba nimefika dakika ile. Kisha akaniacha, akatembea mpaka mlangoni, akasimama kizingitini.

"Padre," akaita, "hapa niliposimama ni ndani au ni nje?"

Padre akaiangalia miguu yake kwa makini. "Hapo, Mama Skolastika, ni nje."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kule chini uwanja wa shule, anahesabu tofali zake. Anasema alisikia kigelegele kimoja, kisha hamsini, akaacha kuhesabu, akapanda mlima wote mpaka juu kuja kuuliza nani amezaliwa.